Mwepu Ilunga: Beki aliyechekwa miaka 40 kwa shuti moja

BAGAMOYO. Kama umewahi kuingia kwenye banda umiza lolote kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege mpaka hapa Bagamoyo mjini, halafu ukakuta mechi kubwa bado haijaanza, basi kile kipande cha video umeshakiona. Jamaa mwenye mitambo huwa anakiweka ili watu wasichoke kusubiri. Brazil wamepata faulo karibu na boksi. Mabingwa wa dunia wamesimama kwenye mpira, Rivellino akiwa miongoni mwao, na mguu wake wa kushoto kila kipa wa zama zile aliuogopa. Ukuta wa Waafrika waliovaa jezi za kijani umepangwa. Mwamuzi anapuliza kipenga. Ghafla, kutoka kwenye ukuta ule anachomoka beki mmoja, namba mbili mgongoni, anakimbia kama mtu aliyeitwa, anaufikia mpira kabla ya Mbrazili yeyote kuugusa na anaubutua mbali kabisa.

Banda zima linaangua kicheko. Wabrazili kwenye video nao wanashangaa, mwamuzi anatoa kadi ya njano, na beki yule anainua mikono kama vile yeye ndiye aliyeonewa. Halafu utamsikia mmoja nyuma huko akisema kwamba Waafrika wa zamani walikuwa hawajui sheria. Wanacheka tena, kisha mechi inaanza na mambo yanaishia hapo.

Beki yule alikuwa Mwepu Ilunga. Alifariki dunia Mei 8, 2015, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuugua. Kwa zaidi ya miaka 40 alitembea na kicheko kile mgongoni. Leo tumsimulie upya, maana wengi wanaomcheka hawajui kilichokuwa kimetokea siku nne kabla ya shuti lile.

KUTOKA LUBUMBASHI

Joseph Mwepu Ilunga alizaliwa Agosti 22, 1949, wakati Kongo bado ikiwa koloni la Ubelgiji. Jina alilijenga Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba katika jimbo la Katanga, akiwa beki wa kulia wa klabu ambayo leo Watanzania wanaijua vizuri mno: TP Mazembe.

Kwa sisi watu wa Bagamoyo, Lubumbashi si mbali kama ramani inavyoonyesha. Barabara ya misafara ya pembe za ndovu iliyoishia ufukweni hapa ilianzia huko ndani, ikipita Tabora na Ujiji, na matawi yake yaliingia mpaka Kongo. Msiri, aliyetawala Katanga mpaka alipouawa mwaka 1891, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara Mnyamwezi kutoka pande za Tabora. Ndiyo maana mpaka leo ukishuka Lubumbashi, utaulizwa habari kwa Kiswahili. Lafudhi ni tofauti na maneno mengine yatakupiga chenga, lakini ni Kiswahili. Kwa hiyo huyu tunayemcheka kwenye banda umiza si mgeni sana kama tunavyodhani.

Klabu yenyewe ilianza mwaka 1939 ikiwa ya vijana wa misheni ya Wabenediktini. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya Kibelgiji, na mbele ya jina hilo ikaweka maneno ya Kifaransa yenye maana ya wenye nguvu zote. Ndiyo hiyo TP. Haikuwa majigambo matupu. Mwaka 1967 na 1968 Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara mbili mfululizo. Mwaka 1969 ikafika fainali na kufungwa na Ismaily ya Misri, na mwaka 1970 ikafika tena na kufungwa na Asante Kotoko ya Ghana. Fainali nne mfululizo, bwana. Hebu itaje klabu nyingine ya ukanda wetu iliyowahi kufanya hivyo.

Kwenye mazingira hayo ndipo Mwepu alipokomaa. Beki wa Lubumbashi wa miaka ile hakuwa mtu wa kufundishwa kwamba faulo inapigwa na nani. Alikuwa anacheza mpira wa juu kabisa barani Afrika.

MAMLAKA YA MOBUTU

Mwaka 1965 Mobutu alitwaa madaraka kwa mapinduzi, na mapema kabisa aliona kwamba mpira unaweza kumfanyia kazi ambayo hotuba haziwezi. Wachezaji wa Kikongo waliokuwa wanacheza Ubelgiji walirudishwa nyumbani. Waliokuwa nyumbani wakazuiwa kutoka. Timu ya taifa ikapewa jina la Chui, mnyama ambaye Mobutu mwenyewe alivaa ngozi yake kichwani.

Matunda yakaonekana haraka. Mwaka 1968 Kongo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ethiopia kwa kuifunga Ghana bao 1-0. Mwaka 1971 nchi ikabadilishwa jina na kuitwa Zaire. Baadaye amri ikatoka kwamba majina ya Kizungu yaachwe, kila raia atumie la Kiafrika. Joseph akawekwa pembeni, akabaki Mwepu Ilunga. Englebert nayo ikaitwa Mazembe.

Desemba 1973 Zaire iliifunga Morocco 3-0 na kufuzu Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani Magharibi. Ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia, aliyekuwa kipa wa timu ya nchi yake iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Mwaka 1970 alikuwa ameipeleka Morocco Kombe la Dunia.

Kabla ya kwenda Ujerumani, Chui walipitia Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Machi 1974. Nusu fainali waliwatoa wenyeji 3-2 baada ya kutanguliwa mabao mawili. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba alifunga mabao yote manne ya fainali hizo mbili na kumaliza mashindano akiwa na mabao tisa, rekodi ambayo mpaka leo haijafikiwa na mtu.

Nyuma ya mabao hayo kulikuwa na ukuta, na kwenye ukuta huo namba mbili alikuwa Mwepu. Sasa weka kitu hiki akilini: aliyesafiri kwenda Ujerumani miezi mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Afrika. Hakuwa mtalii.

Mobutu aliwapokea kama wana wa mfalme. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walipewa nyumba na magari, na waliahidiwa makubwa zaidi wakifanya vizuri Ujerumani. Wakapanda ndege wakiamini watarudi matajiri.

POSHO ZILIPOYEYUKA

Mechi ya kwanza ilikuwa Juni 14, mjini Dortmund, dhidi ya Scotland. Zaire ilifungwa 2-0, mabao ya Peter Lorimer na Joe Jordan. Si matokeo ya aibu hata kidogo. Scotland ile ilikuwa na wachezaji wa Leeds United waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa wa England, na bado Chui walicheza kwa kujiamini wakapata na nafasi zao.

Mambo yaliharibika nje ya uwanja. Kabla ya mechi ya pili, wachezaji waligundua kwamba fedha zao za posho hazipo. Maofisa waliosafiri na msafara walikuwa wengi, na kwa mujibu wa wachezaji, fedha ziliishia mikononi mwa hao hao. Chui wakagoma. Wakasema hawatacheza na Yugoslavia. Wakabembelezwa, wakashawishiwa, mwishowe wakaingia uwanjani. Lakini miguu iliingia na mioyo ikabaki hotelini.

Juni 18, Gelsenkirchen. Ndani ya dakika 18 Zaire ilikuwa imeshafungwa mabao matatu. Muda mfupi baadaye kipa Kazadi, mmoja wa makipa bora Afrika, akatolewa na kuingizwa Tubilandu, kipa wa akiba, na mpira wa kwanza kwake aliuokota wavuni. Maneno yakaanza palepale: kocha ni Myugoslavia, wapinzani ni Wayugoslavia, kwa nini amtoe kipa mzuri? Hakuna aliyewahi kuleta ushahidi wa hujuma, lakini mchezaji ambaye hajalipwa haambiwi kitu akaelewa.

Bao la nne lilipoingia, wachezaji wa Zaire walimzonga mwamuzi kutoka Colombia wakidai kulikuwa na kuotea. Katika purukushani hiyo mtu mmoja akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akamtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Ndaye akalia akisema si yeye. Na kweli hakuwa yeye. Alikuwa Mwepu, na baadaye Mwepu mwenyewe alikiri.

Hapa sitampamba. Kumpiga mwamuzi ni kosa, na kumwacha mwenzako abebe kadi yako ni kosa kubwa zaidi. Mfungaji bora wa Afrika alitolewa kwenye mechi ya Kombe la Dunia kwa teke la beki wake. Zaire ikaenda mapumziko ikiwa nyuma 6-0 na kumaliza imefungwa 9-0. Lakini mtu anayefanya hivyo mbele ya dunia nzima hafanyi kwa sababu hajui sheria. Anafanya kwa sababu hasira imemjaa mpaka haoni mbele.

VITISHO HOTELINI

Kinshasa nako hakukulalika. Mabao tisa yalikuwa yameonekana duniani kote, na aliyeaibika zaidi alikuwa mtu ambaye hakuzoea kuaibishwa. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa Mobutu walifika hotelini, wakawaondoa waandishi wa habari, wakafunga milango na kuwapa wachezaji ujumbe mfupi. Mechi iliyobaki ni ya Brazil. Wakifungwa mabao manne au zaidi, hakuna atakayerudi nyumbani.

Sasa vuta picha. Wewe ni beki. Mechi iliyopita mmefungwa tisa. Hujalipwa. Mke na watoto wako Zaire. Unaambiwa uwazuie Brazil, mabingwa watetezi, wasifikishe mabao manne.

Na Brazil wenyewe walikuwa na shida yao. Walikuwa wametoka sare tasa mechi mbili, na Yugoslavia na Scotland. Scotland na Yugoslavia siku hiyo walikuwa wanacheza wao kwa wao. Hesabu za kundi zilisema kama mechi ile nyingine itaisha sare, Brazil lazima waifunge Zaire kwa tofauti ya mabao matatu ili kuipita Scotland. Kwa maneno mengine, Brazil walihitaji mabao matatu na Zaire walikatazwa la nne. Kati ya kufuzu kwa mmoja na balaa la mwingine palikuwa na bao moja tu.

SHUTI LENYEWE

Juni 22, 1974, Gelsenkirchen tena. Jairzinho alifunga la kwanza dakika ya 12. Halafu Chui wakakaza. Dakika zikaenda, mapumziko yakapita, saa nzima ikakatika na ubao ukiwa bado unasoma 1-0. Timu iliyofungwa tisa siku nne nyuma ilikuwa imewabana mabingwa wa dunia kwa bao moja. Hicho ndicho kipande ambacho kwenye banda umiza hawakionyeshi.

Dakika ya 66 Rivellino akafunga la pili. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga mpira kutoka pembeni, Kazadi akauteleza, ukapita. Hayo ndiyo mabao yote ya siku hiyo. Faulo ile maarufu ilikuja katika dakika za lala salama, wakati Chui wanahesabu sekunde na kila mpira wa Brazil karibu na boksi ulikuwa kama kisu shingoni.

Mwepu akachomoka, akabutua, akapewa njano.

Kwa nini? Yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo zaidi ya mara moja, na maelezo yake hayakufanana kila mara. Kuna wakati alisema alitaka kadi nyekundu makusudi, atoke nje, kwa sababu haoni maana ya kuumia uwanjani wakati waliokula fedha zao wamekaa jukwaani wanatazama. Alikasirika hata kwamba mwamuzi, Mromania Nicolae Rainea, alimpa njano tu. Kuna wakati mwingine alieleza kwamba alikuwa anapoteza muda na kwamba presha ya bao la nne ilikuwa imempanda kichwani. Jambo moja tu halikubadilika katika masimulizi yake yote: sheria aliijua fika.

Mimi naona maelezo yote mawili yanakaa kwenye kichwa kimoja bila kugombana. Mtu mwenye hasira na mwenye hofu kwa wakati mmoja hafanyi jambo kwa sababu moja. Na kama ulikuwa mpango wa kupoteza muda, basi ulifanya kazi: Wabrazili walisimama wakishangaa na saa ikaendelea kukimbia.

Lakini watangazaji wa Ulaya siku ile hawakujua habari za hotelini. Walichoona ni Mwafrika asiyejua mpira, wakalisema hivyo hewani, na likabaki hivyo. Video ikazunguka dunia miaka na miaka, ikaingia kwenye vipindi vya vichekesho, kisha ikaingia kwenye simu zetu. Scotland, walioondoka bila kufungwa mechi hata moja, walitolewa kwa sababu ya bao lile la tatu.

Mwisho wa mechi: Brazil 3, Zaire 0. La nne halikuingia.

WALIVYORUDI

Walirudi nyumbani salama, lakini hakuna aliyewapokea kwa ngoma. Mobutu alikuwa ameshahamia kwenye mchezo mwingine. Oktoba 30 mwaka huohuo Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, dunia nzima ikaangalia ndondi, na Chui wakasahaulika kwenye nyumba zao. Mlango wa kwenda kucheza Ulaya ulikuwa umefungwa, hivyo kipaji hakikuweza hata kuuzwa.

Mwepu alisema baadaye kwamba walidhani watarudi mamilionea, wakarudi bila senti mfukoni, na alilalamikia maisha magumu aliyoishia nayo. Ndaye Mulamba, aliyebeba kadi yake, yalimkuta mabaya zaidi. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni na watu wenye silaha, akakimbilia Afrika Kusini akaishi kwa dhiki. Mwaka 1998 watazamaji wa Kombe la Mataifa kule Burkina Faso walisimama dakika moja kumwombea, wakidhani amekufa, kumbe yuko hai. Alifariki kweli mwaka 2019.

Huku kwetu, mwaka huo wa 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, kwa hiyo wazee wetu wa Pwani habari za Zaire walizipata redioni. Walisikia tisa bila. Walisikia tatu bila. Kile kicheko hawakukipata, maana hakuna aliyeiona ile picha. Sisi tuliopata picha ndio tuliokosa habari.

MWAKA WAKE WA MWISHO

Mwepu alipofariki Mei 2015, Watanzania wawili walikuwa wanavaa jezi ya klabu yake ya zamani: Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Miezi sita baadaye, Novemba, Mazembe wakaifunga USM Alger ya Algeria na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, Samatta akiwa mmoja wa wafungaji bora. Vijana wa Bagamoyo walishangilia kama vile Lubumbashi ni kata ya jirani. Januari 2016 Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na muda mfupi baadaye akaenda Ubelgiji kucheza Genk.

Tofauti yao iko hapo. Samatta alipomaliza kazi Lubumbashi, mlango wa Ulaya ulikuwa wazi, mkataba ulikuwa na karatasi na mshahara ulikuwa na tarehe. Mwepu alikuwa bingwa wa Afrika katika klabu hiyohiyo, na mlango wake ulikuwa na komeo ambalo ufunguo wake anao rais.

Wapo vijana wanaocheza beki jioni Mwanakalenge na kwenye mchanga wa pwani yetu, ambao wanadaiwa kila kitu na hawadaiwi fedha yoyote na mtu, kwa sababu hakuna aliyewaandikia chochote. Viongozi wanaosafiri na timu huku posho za wachezaji hazijulikani ziliko hawakuishia Zaire, na hawakuishia 1974. Kila ukisikia timu fulani imegomea mazoezi, kabla hujasema wachezaji wetu hawana nidhamu, uliza kwanza kama wamelipwa.

Na siku ukiingia banda umiza ukakuta kile kipande kinachezwa, cheka ukitaka, maana hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Kisha mwambie aliyekaa pembeni yako kwamba beki yule alikuwa bingwa wa Afrika, hajalipwa, ameambiwa bao la nne likiingia asirudi kwao. Halafu mwambie mechi iliisha ngapi.